Kisanduku cha Saba

Kwa Kamati ya Udahili:
mmeuliza, kwa herufi zisizozidi mia na hamsini,
ninafanya nini "nje ya masomo".

Nakodisha taa.

Herufi kumi na mbili, ukiacha nafasi.
Zimebaki mia na thelathini na nane, sijui nizijaze nini.

Ninazo taa arobaini na moja. Betri zake
nazipanga chini ya kitanda cha dada yangu Nkwimba
anayelalamika kwamba zinanuka dagaa, na ni kweli.
Jioni, mwaloni Igombe, wavuvi wanazichukua,
wananitajia majina, naandika.
Alfajiri wanazirudisha, vioo vina magamba.
Nazipangusa kwa kanga kuukuu, nazichomeka kwenye chaja,
nakimbilia shule na soksi mbichi.

Sasa tazameni matokeo yangu,
lakini yasomeni kama tunavyolisoma ziwa:
kwanza ulizeni mwezi.

Machi, mtihani uliangukia mbalamwezi.
Dagaa hawaifuati taa, mitumbwi imelala kifudifudi mchangani,
nami niko juu ya vitabu, macho makavu.
Hesabu A. Fizikia B.
Juni, giza. Giza totoro, giza zuri la biashara,
usiku kumi na nane mfululizo taa zote ziko majini,
na mtihani unaniuliza mkondo, ukinzani, volti.
Nilisinzia kwenye swali la pili
nikiwa na lengelenge la waya kwenye kidole gumba.
Hesabu D. Fizikia E.
Septemba ikapanda. Novemba ikashuka.
Mwalimu Rwegasira, katika barua yake ya kunipendekeza,
ameandika: Ana uwezo mkubwa. Analala.
Nilimwomba aongeze neno. Akasema hayo yanatosha.

Nisiwadanganye, Jiografia haina mwezi.
Jiografia nilifeli kwa sababu sikuipenda,
gizani na mbalamwezini, masika na kiangazi.

Mnauliza pia nimejifunza nini kuhusu uongozi.
Sijui uongozi.
Najua kumwambia mtu mzima, baba wa watoto sita,
shikamoo na unadaiwa
kwa pumzi moja, na bado akaitikia marahaba.

Mengine hayana kisanduku.
Magesa wa Kayenze, kwa mfano, ukurasa wa ishirini na tatu:
taa mbili, Jumanne.
Alhamisi mtumbwi ulirudi bila mtu.
Mama yake akanijia na elfu kumi na tano ndani ya leso.
Nikakataa. Akaiacha juu ya ndoo, akaondoka.
Sikujua niiandike upande gani wa daftari.
Ile A yangu ya Hesabu haikunisaidia.
Noti zimebanwa pale pale, katikati ya ukurasa.

Baba anasema: biashara unayo, chuo unakitakia nini?

Betri ya kumi na nne inakufa mapema kuliko wenzake.
Nimeifungua. Nimeifunga.
Nimeipeleka kwa fundi wa Kirumba, mtu mwenye sifa,
akaigonga kwa bisibisi, akaitega sikio,
akasema, "Ndivyo zilivyo."

Sitaki kuzeeka na ndivyo zilivyo.
Kama kuna chumba huko kwenu
ambamo mtu akisema hivyo anaulizwa kwa nini,
nipeni kiti, hata cha nyuma,
hata karibu na mlango.

Umeme umekatika mtaa mzima.
Kompyuta hii ni ya kuazima, na betri inayoilisha
ni hiyo hiyo ya kumi na nne; nyingine zote ziko kazini.
Maombi yamepanda hadi asilimia sitini na mbili,
yamesimama.
Dirishani naziona, arobaini, zimetawanyika hadi mbali,
nami naweza kuwatajia ipi ni ya nani.

Sitini na tatu.

Nkwimba ananiambia nilale.
Nitalala. Ila saa kumi na moja zinarudi,
na kanga bado haijakauka.